Bu Ali Sina: Tabibu Aliyetiliwa Afyuni Dawani

Jina la Bu Ali Sina si geni kwa msomaji wa ukurasa huu. Tulilisikia tungali watoto, chuoni, maalimu alipotaka kututahayarisha kwa uvivu wetu, akatutajia mtoto wa Bukhara aliyehifadhi Msahafu mzima hajatimiza miaka 10 au ndiyo kwanza aitimize. Wazungu humwita Avicenna, na vitabu vyake walivisoma katika vyuo vyao vikuu kwa mamia ya miaka. Hayo yajulikana. Alivyokufa ndiko kusikosimuliwa sana, na huko kufa kwake ndiko kulikonifanya niishike kalamu leo.

Sababu yenyewe niliipata mbali na pwani. Nilikuwa Maua, juu katika milima ya Nyambene huko Meru, mahali ambapo mtu wa Mombasa huona kwa macho yake mti unaoketisha mabaraza ya kwao usiku kucha. Nilipokewa na mzee mmoja, Muislamu wa huko huko, ambaye ameuza miraa tangu ujana wake na kuila pia. Baada ya sala ya Isha tuliketi, naye akatoa mfukoni kijichupa cha vidonge akameza kimoja, na nilipomtazama akanieleza bila haya. Miraa humwondolea usingizi, na kidonge humrudishia. Daktari alimwandikia vidonge vile zamani, kwa wiki chache tu, naye akaona vyamfaa, akaendelea kuvinunua mwaka baada ya mwaka. Siku zile alikuwa na kikohozi, basi akaongeza na dawa ya maji ya kikohozi aliyojinunulia mwenyewe. Kisha akataja, kama mtu atajaye jambo dogo, kwamba juma lililopita alianguka alipoinuka kwenda kutawadha kwa sala ya alfajiri, na hakumbuki alivyofika chini.

Mzee yule huniita Maalim kwa ajili ya kofia yangu, ingawa mimi si maalim wa kitu. Nikamwambia kuwa kuna maalim mkubwa kuliko sisi sote aliyeujua mchezo huu wa dawa juu ya dawa, na nikaanza kumsimulia.

Abu Ali al-Husein bin Abdalla bin Sina alizaliwa mwaka 370 wa Hijria, sawa na 980 wa miladi, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, mtumishi wa dola ya Wasamani, na mama yake aliitwa Sitara, maana yake nyota kwa Kiajemi. Walipohamia Bukhara mtoto alitiwa chuoni, na alipokwisha kuhifadhi Kurani akapelekwa kwa mwuza mboga mmoja amfundishe hesabu za Kihindi. Napenda sana jambo hili la mwuza mboga. Leo tungemtafutia mtoto kama yule mwalimu mwenye shahada tatu. Fikihi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, na mantiki kwa mtu aliyeitwa an-Natili, mpaka mwanafunzi akampita mwalimu na mwalimu akashika njia yake.

Utabibu aliusoma peke yake, na yeye mwenyewe ameeleza kuwa hakuuona kuwa elimu ngumu. Alipokuwa na miaka 16 matabibu walikuwa wakija kusoma kwake, naye akiwauguza wagonjwa akajifunza kwao yale ambayo hayamo vitabuni. Kilichomshinda ni kitabu cha Aristotle cha elimu ya yaliyo nyuma ya maumbile. Alikisoma mara 40 akakihifadhi kwa moyo wala asikifahamu, hata siku moja sokoni dalali akamlilia anunue kijitabu kwa dirhamu tatu, na mwenye nacho ni mhitaji. Alikinunua shingo upande. Kumbe ni sherehe ya al-Farabi juu ya kitabu kile kile! Usiku ule fundo likafunguka, na kesho yake akatoa sadaka kwa masikini kumshukuru Mola wake. Tena yeye ndiye aliyeeleza kwamba kila swali lilipomkaza alikuwa akienda msikitini akisali na kuomba mpaka likafumbuka.

Hapa pana jambo ambalo wengine wangelipitia mbali. Katika maelezo yake hayo hayo amesema kwamba usiku usingizi ulipomzidi, na kitabu kingali wazi mbele ya taa, alikuwa akinywa kikombe cha kileo kumrudishia nguvu. Nalieleza kama lilivyoandikwa, na hukumu ya sheria iko pale pale. Nimelitaja kwa kuwa mzee wangu wa Maua alicheka aliposikia, akasema kwa lahaja yake kwamba basi hata yule mkubwa alikuwa akiufukuza usingizi kwa kitu. Nami sikuwa na la kumjibu.

Hajafika miaka 18, akaitwa kumtibu Nuh bin Mansur, mfalme wa Bukhara, aliyewashinda matabibu wa jumba. Mfalme akapona, na ujira alioutaka kijana ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya jumba, vyumba kwa vyumba vya masanduku ya vitabu. Kisha dola ya Wasamani ikaanguka, baba akafa, na kuanzia hapo maisha yake yakawa ni ya safari na mashaka: Gurganj, Nasa, Tus, hata Jurjan upande wa bahari ya Kaspi, alikokwenda kumtafuta mfalme mpenda elimu, akamkuta amekwisha kukamatwa na kufia gerezani. Lakini Jurjan ndiko alikompata Abu Ubaid al-Juzjani, mwanafunzi aliyefuatana naye mpaka siku ya mwisho na akaandika habari zake baada yake. Yote nitakayoyasema juu ya kifo chake chanzo chake ni huyo.

Jurjan vile vile ndiko alikoanza kuandika Al-Qanun fi't-Tibb. Kitabu hiki kina juzuu tano. Juzuu ya pili ni ya dawa moja moja, kama mia nane hivi, na ya tano ni ya dawa zilizochanganywa, maajuni na dawa za maji na marhamu. Karne moja na ushei baada yake kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo na Gerard wa Cremona, na Ulaya wakakifundisha hadi karne ya 17. Sisi watu wa mashairi tuna fahari yetu ya ziada, kwani aliifupisha elimu hiyo ya tiba katika urjuza moja ya mistari zaidi ya 1,300, kwa bahari ya rajaz, ili mwanafunzi aihifadhi kama tunavyohifadhi tenzi. Tabibu wa zama zile alikuwa akiweza kuikariri dawa kwa vina.

Mwanzo wa juzuu ya pili ameweka masharti ya kuijaribu dawa, na mtu akiyasoma leo hudhani yameandikwa na mtu wa maabara. Dawa iwe safi, haina tabia ya kuazima kama vile joto la moto. Ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja tu usiochanganyika na mwingine. Iangaliwe saa inayoanza kufanya kazi. Iangaliwe kama kitendo chake ni kile kile kila mara, kwani kinachotokea mara moja huenda ni sadfa. Na ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, maana kinachomwelekea simba au farasi si lazima kimwelekee mtu. Ukiiangalia sana orodha hiyo utaona ina hofu moja inayorudi rudi, hofu ya mchanganyiko. Dawa mbili mwilini si dawa moja na nyingine. Huwa ni kitu cha tatu.

Afyuni, utomvu wa mpopi, ameieleza kwa urefu. Huondoa maumivu, huleta usingizi, huzuia kikohozi na kuharisha. Tena ni baridi ya mwisho kwa hesabu ya matabibu wa kale, na ikizidi huzima ule ujoto ambao ndio uhai wa mtu. Tabibu, kwa maoni yake, hana budi kuweka katika mizani maumivu upande mmoja na dawa ya ganzi upande wa pili, aone lipi litamuua mgonjwa upesi zaidi, ndipo aamue. Na alijua kwamba dawa hiyo hunyamazisha dalili na ugonjwa ukabaki ulipo.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, akamtibu amiri Majd ad-Dawla aliyeshikwa na huzuni ya moyo, kisha Hamadan, na huko akamponya amiri Shams ad-Dawla msokoto wa tumbo. Amiri kwa shukrani akamfanya waziri. Kazi ya uwaziri haikumfaa hata kidogo. Askari walimchukia, wakaizingira nyumba yake, wakapora mali yake yote na kumtaka amiri amuue. Amiri akakataa, akamfukuza tu, naye akajificha siku 40 katika nyumba ya rafiki. Siku ya arubaini na kitu msokoto ukamrudia amiri, akatafutwa tabibu kwa mashaka makubwa, akaombwa radhi, akarudishwa katika uwaziri ule ule. Mchana serikali, usiku wanafunzi: mmoja akisoma sehemu ya Qanun, mwingine sehemu ya Ash-Shifa, kitabu chake kikubwa cha hekima. Juu ya hekima hiyo maulamaa wamebishana naye sana, na Imamu Ghazali alimjibu kwa ukali katika baadhi ya masuala, lakini huo ni mlango mwingine na sina elimu ya kuufungua hapa.

Amiri alipokufa, mrithi wake alimtia Bu Ali ndani ya ngome ya Fardajan miezi minne, naye akaandika vitabu humo humo kifungoni. Alipotoka hakukaa sana. Alitoroka Hamadan amevaa nguo za kisufi, yeye na ndugu yake na al-Juzjani na watumwa wawili, wakafika Isfahan kwa Ala ad-Dawla, aliyempokea kwa heshima. Huko aliishi miaka zaidi ya 10, na huko aliimaliza Ash-Shifa.

Sasa tuje kwenye kifo.

Katika vita mojawapo vya Ala ad-Dawla, Bu Ali alishikwa na msokoto wa tumbo, ugonjwa ule ule aliouponya kwa wafalme. Alikuwa na haraka. Amiri akishindwa watakimbia, na mgonjwa hataweza kupanda mnyama. Basi akajitia dawa kwa nyuma, ile waiitayo Waarabu huqna, mara nane kwa siku moja. Matumbo yakachubuka yakawa vidonda, na bado ilimlazimu kusafiri na jeshi, na njiani akapatwa na kifafa kinachofuata msokoto. Tazama kwanza jambo hili, msomaji. Hakuna adui aliyemwingilia hapa. Ni tabibu mkuu wa zama zake aliyezidisha kipimo kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu alikuwa na safari.

La pili lilitoka kwa tabibu mwenziwe. Bu Ali aliamuru katika dawa ile itiwe daniki mbili za mbegu za karafsi, mboga inukiayo, ili kuvunja gesi za tumbo. Tabibu aliyekuwa akimhudumia akatia dirhamu tano. Dirhamu moja ni daniki sita, basi hesabu mwenyewe: zilitakiwa daniki mbili, zikatiwa 30. Mara 15! Al-Juzjani anasema hajui kama ilikuwa makusudi au makosa, kwa kuwa yeye hakuwapo. Vidonda vya matumbo vikazidi kwa ukali wa mbegu zile.

La tatu ndilo la afyuni. Kwa ajili ya kile kifafa alikuwa akila maajuni ya Mithridates, iliyopewa jina la mfalme wa kale wa Pontus aliyeogopa sumu maisha yake yote. Ni dawa ya vitu vingi vilivyopondwa pamoja na asali, na kwa kawaida afyuni kidogo ni miongoni mwao. Mmoja wa watumwa wake akaongeza humo afyuni nyingi, akampa, akala. Al-Juzjani anataja na sababu: watumwa walikuwa wameiba mali nyingi katika hazina yake, wakaona akipona watahesabiwa.

Hakufa siku ile. Alichukuliwa Isfahan katika machela, hawezi kusimama, akajitibu hata akaweza kutembea na kuhudhuria baraza la amiri. Ila mwili haukurudi ulivyokuwa, wala yeye hakujizuia na mambo yaliyomdhuru, na maradhi yakawa mara yaondoka mara yarudi. Ala ad-Dawla alipokwenda Hamadan akafuatana naye, na njiani msokoto ukarejea. Alipofika alijua kuwa nguvu iliyokuwa ikiuendesha mwili wake imekwisha, na akaacha kujitibu kabisa. Yasimuliwa kuwa alitubu, akatoa mali yake kwa mafakiri, akawarudishia watu haki zao aliowajua, akawaacha huru watumwa wake, akawa akihitimu Kurani kila siku tatu. Akafa katika mwezi wa Ramadhani mwaka 428, sawa na 1037, umri wake miaka 58 ya Hijria. Amezikwa Hamadan, na jengo lililo juu ya kaburi lake leo lilijengwa katika miaka ya 1950.

Nilipofika hapo mzee wa Maua alikuwa kimya. Nikamweleza mengine ambayo nimeyapata kwa waliosomea dawa, na nayaandika hapa kwa kuwa mabaraza yetu ya Mombasa na Lamu yana watu wengi kama yeye.

Afyuni haikuondoka duniani pamoja na Bu Ali. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner aliitoa ndani yake mofini, na kodini ni ndugu yake, nayo imo katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi. Vidonge vya usingizi alivyokuwa navyo mzee ni vya ukoo mwingine, ukoo wa diazepamu, ambayo Leo Sternbach aliitengeneza katika kampuni ya Roche huko Marekani ikatoka madukani kwa jina la Valium mwaka 1963. Ukoo huu hutuliza moyo wenye hofu, huzuia kifafa, hulegeza misuli iliyokaza, na daktari akiutoa kwa siku chache ni rehema. Lakini kila mmoja wa koo hizi mbili huipunguza pumzi ya mtu alalapo, na zikikutana hupunguza zaidi ya jumla yao. Mtu hulala, pumzi ikapungua, ikapungua, na wenziwe wakadhani amepata usingizi mnono. Mwaka 2016 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru onyo kali kuliko yote liandikwe juu ya kuchanganya dawa hizo mbili. Pombe nayo hufanya vivyo hivyo, na hata vile vidonge vya mafua na miwasho vinavyoleta usingizi huongeza uzito wake.

Tena diazepamu haina haraka ya kutoka. Nusu ya kipimo huweza kubaki mwilini siku moja au mbili, na kinachozaliwa nayo ndani ya ini hukaa zaidi ya hapo, na kwa mzee yote hayo hurefuka. Kidonge cha leo kinakikuta cha jana. Ndipo mtu akainuka alfajiri miguu si yake, akaanguka, na nyonga ya mzee ikivunjika si jambo la mchezo. Baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo, kama omeprazole na cimetidine, huichelewesha zaidi isitoke, na rifampicin ya kifua kikuu huiharakisha hata isifae.

Na miraa? Handasi huuamsha moyo ukaenda mbio, kidonge kikauvuta nyuma, na mtu akiamka mzito hutafuta kitawi kingine kuuondoa uzito. Gurudumu limezunguka. Mwezi Mei 2024 tulishuhudia kelele kubwa, gavana wa Mombasa alipoipiga marufuku muguka itokayo Embu, na kaunti nyingine za pwani zikafuata, Rais akasema amri zile hazina nguvu, na mahakama kuu ya Embu ikazisimamisha. Kila mtu alisema lake juu ya jani. Kidonge kinachomezwa baada ya jani sikusikia mtu akikitaja, labda kwa sababu hakina shamba wala ushuru.

Mzee akaniuliza, basi avitupe vile vidonge usiku ule ule? Nikaruka kumzuia. Aliyezoea miaka huweza kupatwa na kifafa akiviacha ghafla, na ni lazima avipunguze kidogo kidogo chini ya mkono wa daktari. Dawa ya kikohozi ndiyo aiweke kando kwanza mpaka aulize, na akienda hospitali achukue kila chupa aliyonayo, ya daktari na ya duka na ya miti shamba, azimwage mezani mbele ya daktari zote pamoja.

Akafikiri. Juu ya afyuni hakuniuliza kitu. Aliniuliza habari za yule aliyetia karafsi, kama aliadhibiwa. Nikamwambia al-Juzjani hakusema. Kisha akaiingiza mkono mfukoni, akatoa ile chupa ya dawa ya kikohozi, akanipa niisome karatasi yake, kwa kuwa miwani yake ilikuwa nyumbani kwa mwanawe Meru mjini. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mchanga. Tukaisogeza taa karibu, nikaanza kumfasiria neno baada ya neno, na neno la tatu lilikuwa kodini.